Tangu Lini Breki Zinalia?

Bado naikumbuka ile Jumatano, mwanangu, ingawa mengi ya ujana wangu nimeshayasahau. Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Mume wangu, Baba Salma, alikuwa amelala nyumbani na mguu uliovunjika, kwa hiyo lori letu dogo nikawa naendesha mimi. Kila asubuhi napakia marobota ya mitumba kwenye soko la Mchikichini, nawapelekea wateja.

Wapakiaji walikuwa na utani. Nikiwasha tu, utasikia, "Jamani sogeeni, mama kashika usukani." Nacheka nao. Lakini moyoni nilishaapa hawatapata siku ya kusema nimeua gari la mume wangu.

Basi breki zikaanza kulia. Mwanzoni kasauti kembamba kama filimbi, nikikanyaga kidogo. Nikasema ni vumbi. Siku zikaenda, ikawa inakwaruza, chuma kwa chuma, tairi za mbele. Unajua nilifanya nini? Niliongeza sauti ya kaswida kwenye redio. Naswali vipindi vyote vitano, namwomba Mungu safari ya salama, halafu naifunika sauti ambayo pengine ndiyo ilikuwa majibu yake.

Wiki ya pili ikawa hata nikilala naisikia. Jumatano hiyo, mvua imenyesha usiku, nikapitia Ilala kwa Mzee Nassor, fundi wetu wa siku zote.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mguu wa Baba Salma unaendeleaje?"

"Alhamdulillahi. Gari inalia nikifunga breki."

"Inalia vipi? Mtoto analia, mbuzi naye analia."

"Inakwaruza."

"Tangu lini?"

Wapakiaji wangu wawili walikuwa wameegemea bodi la gari, wanasikiliza. Nikasema, "Leo asubuhi."

Mzee akatazama matope kwenye tairi. "Kama ni leo tu, huo ni unyevu wa mvua. Kanyaga taratibu mara nne tano, itaacha. Isipoacha, usiende mbali. Rudi nifungue tairi."

Haikuacha. Nilijua haitaacha. Lakini nirudi nikamwambie nini? Nikaendelea mpaka Magogoni, kivukoni, dada yako Salma, wakati huo wa miaka minne, kakaa pembeni anakula andazi.

Ule mteremko wa kuingilia kwenye pantoni unaujua. Watu wa miguu walikuwa hawajamaliza kuingia, na mbele yangu kabisa kuna mama kabeba ndoo kichwani, mtoto mgongoni. Nikakanyaga. Ikasaga, gari ikawa inateremka tu, mzigo unatusukuma. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote. Nikapiga honi, nikarudi gia ya kwanza, nikavuta hendibreki kwa mikono miwili huku naita Ya Rabbi, Ya Rabbi. Ikasimama. Yule mama akageuka. Bampa ilikuwa imeshagusa kanga yake.

"Dada, uliniona lakini?" akaniuliza, kwa upole tu.

Nilimwona. Salma alikuwa ananitazama, andazi limemdondoka.

Nilimtuma mpakiaji mmoja akamwite Mzee Nassor, naye akaja mwenyewe na jeki yake. Akafungua tairi, akaniita niangalie. Lainingi, ile inayobana ili tairi lisimame, ilikuwa imeisha kabisa, chuma kinakula chuma.

"Hii ni ya leo asubuhi?"

"Wiki mbili, mzee."

Hakupandisha sauti. Akapangusa mikono, akasema, "Ulinipa uongo, nami nikautibu uongo wako vizuri kabisa. Breki zikabaki na ugonjwa wao. Ungesema wiki mbili, ningefungua tairi palepale, na huyu mtoto asingetetemeka hivi."

Wapakiaji walikuwepo. Hakuna aliyecheka. Aibu niliyokuwa naikimbia ilinikuta hapo hapo, na ilikuwa ndogo sana kuliko hatari iliyogusa ile kanga.

Mwanangu, sasa na wewe umeshika usukani, na kila ukitoka nasikilizia simu. Gari ikilia, zima redio kwanza. Sikiliza ni mbele au nyuma, ukikanyaga kidogo au sana, asubuhi tu au siku nzima. Hayo yote ni ya kumwambia fundi. Na akikuuliza tangu lini, mwambie tangu lini, hata kama wanaokusikiliza watakucheka mpaka jioni. Na kama kuna kitu kingine kinachokwaruza huko ndani kwako, ambacho mama yako hakioni, nacho usikiongezee redio. Njoo uniambie kimeanza lini. Sitapandisha sauti.

Mwenyezi Mungu akulinde uendako na urudiko, awalinde na wanaopita mbele yako usiowajua majina, na kila ukikanyaga, akusimamishe.