Shemeji Hawezi Kuandikwa

Cheruto ndiye yule mama wa chai na chapati pale Kuresoi, lori zinapopakiwa viazi. Mjane, mdomo hauna breki. Virusi vya ukimwi anaishi navyo tangu amzike mumewe, na dawa zake humeza bila kukosa. Hizo kliniki inampa bure. Kinachomtesa ni presha iliyomjia juzijuzi. Dawa ya presha bima yake haitaki hata kuisikia, na akiikosa, kichwa kinagonga mpaka sufuria moja anaona mbili. Wenzake wa kliniki ni hivyo hivyo: virusi vimetulia, wanamalizwa na kingine.

Kaunti ilipoita wananchi watoe maoni kuhusu bima, Cheruto alifunga kibanda akaenda. Akakuta ukumbi umejaa nyuso za kliniki, kila mtu anajifanya hamjui mwenzake.

Mikutano hii mnaijua. Unasimama, unataja jina na unakotoka, ndipo useme lako. Basi wa kwanza akasimama kumsemea jirani. Wa pili, naye jirani. Akafuata Kipkirui, mpakiaji anayekunywa chai kwa Cheruto kila asubuhi, anakunjakunja kofia.

"Niko na shemeji, ana hiyo ugonjwa. Bima imlipie dawa ya figo."

"Shemeji yuko wapi?" akauliza afisa, kijana anaitwa Kigen.

"Ameenda shamba."

"Na hao majirani?"

Watu wakaangalia viatu.

"Siwezi kuandika shemeji," Kigen akasema. "Inaonekana wagonjwa wenyewe hawana malalamiko. Twende kwa mambo ya ambulensi."

Cheruto akasonya. Ukumbi mzima wagonjwa, na eti wagonjwa hawakuja. Lakini yeye pia alikuwa amekaa. Nusu ya watu wale hula kutoka mkononi mwake. Akijitaja leo, kesho chapati atamuuzia nani? Akavumilia. Akavumilia mpaka mzee mmoja akaanza kusifu rangi ya ambulensi, hapo ikamshinda.

"Kijana, rudi nyuma kidogo," akasema, ameshasimama. "Mimi ni Cheruto wa kibanda cha chai, hapa hapa Kuresoi. Niko na virusi na niko na presha. Sijatumwa na jirani. Andika bima ilipe dawa zote, si za virusi peke yake."

"Asante, mathe. Una barua ya daktari?"

"Niko na mwili. Uje upime?"

Watu wakacheka. Kigen hakucheka, lakini aliandika.

Asubuhi yake wapakiaji wakapita mbele ya kibanda wakikazia macho lori kama watu ambao hawajawahi kuona lori. Chapati zikapoa. Cheruto alikuwa akipangusa meza safi, kwa hasira tu, Kipkirui alipoingia akaketi pembeni.

"Mama, waliandika watu wangapi?" akanong'ona.

"Mmoja. Shemeji yako walimkosa."

"Si unajua vile watu wa hapa wako."

"Najua. Si unaona vile wamejaa?" Akamsukumia sahani. "Ijumaa hao watu wa kaunti wako Molo. Tutaenda na wewe, na hiyo figo utaisemea mwenyewe. Ukileta shemeji tena, nakuinua na kola mbele ya watu."

Kipkirui akachungulia nje. Wenzake walikuwa wanamtazama. Akavuta sahani karibu.

"Basi weka na chai," akasema, safari hii bila kunong'ona.