Wembe Ambao Faraj Hakuushika

Hapa mtaani kwetu Namakwekwe, mtoto wa Kinubi akifikisha siku saba, nywele zake za kwanza zilikuwa kazi ya Faraj kinyozi. Mkono mwepesi ajabu. Mtoto hata haamki. Ndiyo maana nakasirika mtu akiniuliza, "Yule kichaa?" Kichaa ni ugonjwa. Yeye ana jina.

Sauti zilipoanza kumsumbua, akawa hapati usingizi, anazunguka barabarani bila nguo. Dada yake Hajara akakimbilia polisi wamsaidie kumfikisha hospitali. Afande akamwambia, wala si kwa ubaya, "Mama, gari letu linabeba watuhumiwa. Wagonjwa halibebi." Hapa kwetu kila mtu anajua maana yake: mshtaki kwa kosa, ndipo gari lije. Hajara akasema ametishiwa kwa wembe. Gari likaja mara moja, na hospitali likaipita bila kusimama.

Faraj akaishia rumande, upande wa Jinja. Kila mwezi Hajara alisafiri kwenda kuomba kesi ifutwe. Akaambiwa mgonjwa wa akili hawezi kujibu mashtaka, basi akae ndani mpaka apone. Na humo ndani dawa hakuna. Jamani, hiyo nayo ni akili? Mwenye malaria anabebwa mgongoni. Mwenye ugonjwa wa kichwa anatiwa pingu, tangu enzi za babu zetu mpaka leo.

Ikapita miaka miwili, hakimu mpya akamwachia. Hospitali ikampa vidonge, akatulia, akawa Faraj wetu. Lakini kiti chake kilikaa kitupu. Nani ampe shingo mtu aliyefungwa kwa kesi ya wembe?

Mwaka huu Juwairiya, binti wa Hajara, akajifungua. Siku ya saba tulijaa uani, na kinyozi mwingine ameshaitwa. Hajara akamchukua mjukuu, akampelekea Faraj. Juwairiya akamshika mama yake mkono.

"Mama, huyu si alikutishia kwa wembe?"

"Hakuushika," Hajara akasema mbele yetu sote. "Maneno yale niliyatunga mimi, ili wampeleke hospitali."

Juwairiya akauachia mkono wa mama yake. Faraj akanawa, akamnyoa mtoto taratibu, na mtoto hakuamka. Mimi nililia waziwazi, sikuona haya.

Alipomaliza akaufuta wembe wake, akauweka kiganjani mwa dada yake.

"Kaa nao wewe, dada," akasema. "Nikionekana nao njiani, wataita polisi."