Printa Haina Wino Mweupe

Nilikuwa nikinyolewa kwa kinyozi wangu pale Kaloleni nilipopata habari kwamba mpiga picha wetu amefariki. Kinyozi alizima mashine kwanza, akanitazama kwenye kioo, ndipo akasema, "Mzee, ule mtu wa picha ametuacha." Nilikaa pale nikiwa nimenyolewa upande mmoja. Wasomaji wangu wengi wa Kisumu walipita mbele ya kamera yake wakati mmoja au mwingine. Mimi nilimfahamu tangu miaka ya themanini, alipokuwa akisafisha picha katika chumba cha giza kilichonuka dawa hadi barabarani. Hatukuwa marafiki wa kualikana nyumbani. Tulisalimiana, tukabishana, tukaachana salama. Alikuwa mbishi, nami sipendi kushindwa, kwa hiyo tulipatana.

Alipoleta kompyuta na printa ya wino, katikati ya miaka ya tisini, nilimcheka. Nilimwambia ufundi wake umekwisha, sasa ni kubonyeza tu. Alichapa sura yangu ileile mara mbili, mara ya kwanza kwenye karatasi yenye weupe mkali, ule wa kukaribia ubuluu, kisha kwenye karatasi ya rangi ya krimu. Katika ile nyeupe nilikuwa safi lakini nimepoa, kama mtu aliyeoga maji ya baridi. Katika ile ya krimu ngozi yangu ilikuwa na joto lake, ila meno yalikuwa ya mvutaji sigara wa miaka mingi, na sigara mimi sijawahi kuigusa. "Hii mashine haina rangi nyeupe, bwana," akaniambia. "Penye unaona nyeupe, hiyo ni karatasi tu." Kumbe weupe wa macho, wa meno na wa kola ya shati ni karatasi iliyoachwa bila wino, na ikiwa karatasi ni ya manjano, mtu naye atatoka na macho ya manjano. Hata hivyo yeye aliipenda ile ya krimu. Alisema inawafaa watu weusi.

Sasa kumbukeni miaka yenyewe. Ziwa lilikuwa limefunikwa na magugu hadi ukadhani ni shamba, na mafundi waliokuwa wakitengeneza viti kando ya barabara walikuwa wamehamia majeneza. Watu walikonda, wakazikwa, na kila matanga tuliambiwa ni malaria. Katika hali hiyo macho ya manjano hayakuwa jambo dogo. Nilikuwa nimeketi studioni siku mama mmoja, mchuuzi wa samaki kutoka Port Victoria, alipokuja kuchukua picha kubwa ya mwanawe. Kijana alikuwa akitaka kuoa Bondo. Uvumi ulikuwa umefika huko kwamba amedhoofika, naye akasema kazi haimruhusu kwenda, kwa hiyo mama alitaka picha ndiyo itangulie kwa wakwe.

Alipoipokea, alikaa chini polepole. "Baba, mtoto wangu umemfanya nini? Macho yake imekuwa yelo."

"Mama, hiyo si macho. Ni karatasi."

"Basi weka kwa karatasi ingine."

Mpiga picha alimtazama mama usoni. Kisha akatia karatasi nyeupe, na kijana akatoka anang'aa, meno meupe, macho meupe, mzima kabisa. Mama akacheka kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Sasa huyu ndiye mtoto wangu," akasema. "Ile ingine choma."

Arusi ilifanyika. Mwaka uliofuata haujaisha, mama yule alirudi studioni peke yake, akitaka picha ya kuwekwa juu ya jeneza. Haikuwa ya mwanawe, huyo walikuwa wameshamzika. Ilikuwa ya mkwewe, yule msichana wa Bondo. Sikuwepo, lakini mpiga picha alinisimulia, na siku hiyo hakubishana nami hata kidogo. Mama alimwuliza swali moja tu: "Siku ile, mbona hukunikatalia?" "Karatasi ya krimu ingemfanya hata askofu awe na macho ya yelo," mpiga picha aliniambia. "Lakini niliona vile mama ameogopa, nikajua si karatasi anaogopa. Nikanyamaza, nikamtolea." Tangu siku hiyo mtu akimwomba karatasi nyeupe alikuwa akimwuliza picha inakwenda kwa nani. Wengi walikasirika wakaenda kwingine, kwa sababu wachapaji wa karatasi nyeupe hawakukosekana mjini.

Tulimzika Jumamosi. Kando ya jeneza ilisimama picha ya mazishi aliyojichapia mwenyewe alipoanza kuugua, jambo ambalo kwetu ni sawa na kukiita kifo mlangoni, na aliichapa kwenye krimu. Macho yalikuwa ya manjano, na watu waligeuza nyuso. Kaka yake alikuwa na hasira. "Tutoe ingine, shemeji. Hii inaonyesha mtu mgonjwa."

"Alikuwa mgonjwa," mjane akasema. "Wacha wamwone."

Binti mmoja wa ukoo, aliyekwisha kuvishwa pete ya uchumba, aliitazama picha ile kwa muda mrefu. Kisha akamsogelea mjane na kumwuliza, mbele yetu sote, marehemu aliugua nini hasa. Niliogopa, nakiri, maana sijawahi kusikia swali hilo likijibiwa kwenye matanga ya huku. Tumezoea kuwapelekea wenzetu weupe wa karatasi tukisema ndio weupe wa macho ya watoto wetu, na anayelipia ni yule wa upande wa pili aliyeipokea picha akaiamini. Mjane alimshika binti mkono, akautaja kwa jina lake ugonjwa ule tuliozoea kuuita malaria. Yule binti aliivua pete, akaifunga kwenye pindo la leso yake, akaenda kumwuliza mchumba wake pia, aliyekuwa amesimama na wachimba kaburi.