Wote Wamepiga, Bado Wewe

Jino langu la mbele lilitolewa kwa ngumi na mtu niliyemwokoa asiuawe. Alinipiga mchana kweupe, mbele ya wanaume wanane, na wala simlaumu. Ngoja niwaambie ilivyokuwa.

Mimi ni fundi seremala. Karakana niliyokuwa nafanyia kazi ni ya shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kushika randa, na nilipookoka yeye ndiye aliyenipa jina la Askofu.

"Askofu, uombee huo mlango usije ukapinda!"

Nilikuwa nacheka nao. Kabla ya kuokoka nilikuwa na mkono mwepesi, hata mke wangu aliwahi kuuonja, na hilo naliona aibu mpaka leo. Kwa hiyo utani wao haukunisumbua.

Jumatatu moja drili ya karakana haikuonekana. Ile kubwa, mpya, ambayo shemeji aliipaka mstari wa njano kwenye mpini.

Tulipekua kote. Chini ya mbao, ndani ya makabati, mpaka kwenye vumbi la msumeno. Haipo. Mara Kipara, fundi wa vitanda, akamnyooshea kidole mpiga vanishi.

Mpiga vanishi alikuwa na wiki tatu tu pale. Baba wa watoto wanne, mpole, haongei. Kosa lake ni kwamba Ijumaa alikuwa wa mwisho kutoka.

"Sijaichukua, ndugu zangu. Haki ya Mungu, sijaichukua!"

Walimfunga mikono kwenye meza ya kazi kwa kamba. Shemeji akafunga geti kwa kufuli, akaokota kipande cha mbao ngumu.

"Sheria mnaijua. Kila mtu apige moja. Asiyepiga ndiye atakayekwenda kutuchoma kwa polisi."

Akaanza yeye mwenyewe. Kipara akafuata, na pigo lake likavunja mkono wa kulia wa yule bwana. Niliusikia ukivunjika, jamani. Mtu mzima yule akamwita mama yake. La tatu likampasua kichwa, damu ikachuruzika mezani mpaka kwenye maranda, na mbao bado inapita mkono kwa mkono.

Ikanifikia.

"Piga, Askofu."

"Sipigi."

"Wote wamepiga. Bado wewe."

"Mimi ni Mkristo, shemeji. Sipigi mtu aliyefungwa. Kama ni mwizi, mpelekeni polisi."

Kipara akacheka. "Kwani mimi sijabatizwa? Mbona nimepiga?"

Shemeji alinisogelea mpaka nikanusa chai mdomoni mwake. "Usinitie aibu mbele ya watu wangu. Moja tu. Mguse hata begani, yaishe."

Hapo ndipo penye mtego, wapendwa. Moja tu, tena begani! Kusema kweli mkono ulishapanda. Nikaitupa ile mbao juu ya paa, nikamlalia yule bwana mgongoni.

Sasa mbao karakanani zinakosekana? Wee, nilipigwa! Nilipigwa na watu niliokula nao sahani moja miaka sita. Mbavu mbili zikavunjika, sikio likapasuka. Nilichosikia ni pumzi za yule bwana chini yangu, na shemeji akihema juu, "Na huyu naye! Na huyu naye!"

Tuliokolewa na mteja. Mama mmoja alifuata kabati lake, akakuta geti limefungwa, akaligonga kwa jiwe na kutukana bila kupumzika. Wakamfungua yule bwana haraka, wakatusukuma nje kwa mlango wa nyuma.

Siku tatu nililala nyumbani nikijiona mtakatifu, sitawadanganya. Mke wangu ananikanda, waumini wanakuja kuniombea, mimi nasimulia. Kila nikisimulia nazidi kuwa shujaa.

Siku ya nne akaja mzee wa kanisa na boksi langu jekundu la vifaa. Nilimwazima Ijumaa ile jioni, atengeneze mabenchi ya kanisani. Jumapili alisafiri, hata habari zetu alizipata juu juu.

"Pole sana, ndugu. Na ile drili yenu, aisee! Mabenchi yote yamekwisha Jumamosi hiyo hiyo."

Nikafungua boksi. Mstari wa njano huu hapa.

Nikakumbuka yote. Ijumaa nilisafisha meza kwa haraka, nikakomba kila kilichokuwa juu yake nikatia kwenye boksi bila kuangalia. Mimi. Kwa mikono hii hii.

Mzee alipoondoka mke wangu akafunga mlango. "Mume wangu, nyamaza. Kaka yangu namjua, safari hii atakuua. Itupe chooni. Nani atajua?"

Niliichukua mpaka chooni. Niliishika juu ya shimo, na vidole vilishaanza kulegea. Nikausikia tena ule mkono ukivunjika. Nikatoka nayo.

Nilianzia kwa mpiga vanishi. Nilimkuta kitandani, mkono kwenye plasta, mkewe anamlisha kwa kijiko. Nikaweka drili sakafuni, nikamweleza yote, na kwamba nairudisha karakana. Alivaa viatu, akanifuata mpaka karakana.

Misumeno yote ikanyamaza. Nikaiweka drili juu ya ile meza, damu yake hata haijatoka vizuri.

"Ilikuwa kwenye boksi langu. Niliitia mwenyewe bila kujua. Huyu hakuiba."

Shemeji aliitazama drili, akanitazama mimi. Nilitegemea aone haya. Akafunga geti, akaokota mbao.

"Sheria mnaijua. Kila mtu moja."

"Naanza mimi," akasema mpiga vanishi.

Nikafumba macho. Ngumi ya kushoto ilinitua mdomoni, nikaenda chini, jino likabaki kwenye maranda. Wakashangilia, wajinga wale.

Akachukua nyundo mezani. Nikajua basi, imekwisha, nikamkabidhi Mungu wanangu. Lakini alinipa mgongo, akasimama kati yangu na wao.

"Huyu nimemalizana naye," akasema. "Sasa nyie wanane mlionipiga mimi. Nani anafuata?"

Kipara akaangalia viatu vyake. Shemeji aliiweka mbao chini taratibu, akaenda kufungua geti.

Kazi pale sina tena, na shemeji hatusemeshani. Mpiga vanishi naye hajawahi kuniita rafiki. Mkono wake haukunyooka vizuri.

Kukataa kupiga kulinivunja mbavu, lakini kulikuwa rahisi, kwa sababu nilikuwa na hakika mwenye kosa si mimi. Siku wakikuambia wote wamefanya bado wewe, kataa, hata kama mkono umeshapanda. Halafu ukifika nyumbani, kabla hujaanza kusimulia ulivyo shujaa, fungua kwanza boksi lako uangalie kilichomo.