Majina Mawili ya Penseli

Saa moja asubuhi, ukungu wa Butembo, mashariki mwa Kongo, bado umekalia mikaratusi, na Mama Agar amepiga goti kando ya kitanda. Ametega sikio kwenye pembe ya mti aliyoiweka juu ya tumbo la Joyeuse.

"Moyo unapiga," anasema. "Sukuma, mutoto yangu."

Agar, mwenye miaka hamsini na nne, ni mkunga katika kituo kidogo cha afya cha parokia. Kwa miaka ishirini na sita amepokea watoto zaidi ya elfu tatu, mara nyingi mshahara ukichelewa kwa miezi.

"Ninaonaka Mungu anatumika kazi yake," anasema, "mimi niko tu pembeni."

Ana desturi yake. Mjamzito akija mara ya kwanza, kabla ya kumpima chochote, humuuliza: huyu ni wa ngapi? Wanande, watu wa huku, huwapa watoto majina kwa zamu ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza ni Mumbere, msichana wa kwanza ni Masika. Basi Agar huyaandika yote mawili kwa penseli daftarini, na siku ya kuzaliwa hulikoleza moja kwa wino.

Joyeuse, mwenye miaka kumi na tisa, alipofika miezi sita iliyopita hakutaka kusikia jina. Alikuwa amekimbia kijiji chake upande wa Beni baada ya mumewe kuuawa shambani, na shangazi aliyempokea mjini alimwambia achague: mimba au malazi. Alikuja kuomba dawa ya kutoa mimba.

"Dawa ya kutosha mimba, hapana," Agar alimjibu. "Mimi ni mukristo, uzima wa mutu hapana yangu. Lakini wewe pia siwezi kukufukuza. Huyu ni wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Basi ni Mumbere ao Masika. Jina iko tayari. Anabakia tu kukuja."

Joyeuse alilia hadi kitenge kikalowa. Jioni ile ile alihamia kwa Agar, wakalala chumba kimoja.

Sasa mtoto anatoka. Ni msichana, na analia kwa hasira.

"Masika!" Agar anamwita, uso umemchangamka. Anamfunika, kisha anagusa tumbo la Joyeuse na tabasamu linakatika. Tumbo bado gumu. Ndani yumo mwingine! Kituoni hakuna mashine ya kupiga picha tumboni, na ile pembe, kila alipoitega, ilimpa moyo mmoja tu.

"Miaka yangu yote hii," ananong'ona, "na huyu alijificha."

Wa pili, mvulana, anakuja kimya, rangi ya majivu. Agar anamsugua mgongo kwa kitambaa, anampulizia pumzi, anamsugua tena.

"Mama Agar, mbona hapana kulia?" Joyeuse anauliza. Agar anazidi kusugua.

Kisha kinasikika kikohozi kidogo, halafu sauti. Mkunga mzima anaketi sakafuni na kulia bila aibu.

Mapacha hawafuati zamu. Wana majina yao, Nguru kwa anayetangulia na Ndungo kwa anayemfuata. Agar anafuta yale ya penseli na kuandika haya kwa wino.

Joyeuse anawatazama, mmoja kila mkono.

"Ile siku nilikuja kutosha mumoja," anasema polepole. "Na babiri balikuwa ndani."

Nyuma ya nyumba yake Agar anajenga chumba cha wasichana waliofukuzwa kwao wakiwa na mimba, na kuta zimefika usawa wa dirisha. Anataka kiezekwe kabla ya Krismasi.

"Ukiambia mutu asitoshe mimba, umufungulie mulango," anasema akivuta pua. "Kama hapana, unyamaze."

Fundi alikuwa amepima nafasi ya vitanda viwili. Mchana huu Agar anamtumia ujumbe: aongeze hatua tatu, maana mkunga huyu si wa kuaminika tena kwa kuhesabu.