Rimoti ya Baba Ummy

Nilipohamia nyumbani kwa Baba Ummy, Ngarenaro, kitu cha kwanza nilichokifahamu kumhusu kilikuwa sauti yake. Jina lake ni Abdulrahman, Mrangi wa Kondoa, dereva wa malori. Ukiwa gengeni mtaa wa pili uliweza kujua kama amerudi safari au bado. Akisimulia habari barazani, watu waliokuwa wakipita na shughuli zao walipunguza mwendo. Nyumba aliijenga chumba kwa chumba, kila alipopata safari nzuri anaongeza kimoja, ndiyo maana kila dari ilikuwa na kimo chake. Wapangaji tulikaa kandokando ya korido: mimi Ndeshi na mume wangu Anaeli, tulioteremka kutoka Akeri baada ya kufunga ndoa, na mkabala na sisi Lemburis, Mwarusha wa Oldonyo Sambu aliyekuwa akifanya kazi kwenye bucha. Mbele ilikuwa sebule ya mama mwenye nyumba, Bi Zuleha. Nyuma kabisa, dirisha likitazama uani, kilikuwa chumba chake na mumewe.

Kiharusi kilimkuta Babati, akisubiri lori lipakiwe mahindi. Mkono na mguu wa kulia havikumtii tena, na ulimi ukawa mzito. Hospitali walimwambia ulimi utafunguka kwa kuongea, na mwanzoni alijitahidi. Kisha akaja rafiki yake wa siku nyingi kumjulia hali. Baba Ummy akamwambia jambo, rafiki hakuelewa. Akarudia. Yule rafiki akaitikia, "Ndiyo, ndiyo, inshallah," huku akitabasamu kama anayebembeleza mtoto mchanga. Kumbe alikuwa ameulizwa mwanawe yuko darasa la ngapi.

Tangu hapo Baba Ummy alinyamaza. Akitaka maji alionyesha kikombe, na akija mgeni aligeukia ukutani. Bi Zuleha alituomba kwa upole tusimsumbue, maana mzee hataki kuonwa. Tukawa tunapita mlango ule kwa kunyata, kana kwamba ndani kuna msiba, na kusema kweli nyumba nzima ilipoa.

Binti yao Ummy alikuwa mfanyabiashara. Miaka ile wanawake wengi walikuwa wameanza kupanda ndege kwenda Dubai kufuata vitenge na vyombo, naye alikuwa mmoja wao, akiuza Kariakoo. Mwaka 2003 alikuja likizo na risiva ya televisheni imefungwa ndani ya mashuka. Dishi kubwa la wavu akalinunua hapahapa mjini. Mama yake alishapanga risiva ikae sebuleni, karibu na kabati la vyombo, ameshaifumia hata kitambaa cha kuifunika.

"Itakaa chumbani kwa baba," Ummy akasema. "Anayelala mchana kutwa ndiye wa kuangalia. Wengine mtavutiwa waya."

"Na wageni wangu?"

"Mama, wageni wako wataona hichohicho anachoona baba."

Ndivyo ilivyokuwa. Fundi Elinaza alikuja kutoka Sakina, akalisimika dishi juu ya bati la uani, akapitisha waya darini, na akauteremsha sebuleni, kwetu na kwa Lemburis. Kila mmoja alikuwa na kitelevisheni chake, chetu cheusi na cheupe. Elinaza akatukusanya koridoni, akatueleza kwamba risiva ni moja tu, kwa hiyo stesheni ni moja tu. Atakachochagua mwenye rimoti ndicho kitakachoonekana nyumba nzima. Kisha akaingia chumbani, akaiweka rimoti kwenye mkono wa kushoto wa Baba Ummy. Baba Ummy aliiachia ikaanguka kwenye blanketi, akageukia ukutani.

Ummy akarudi Dar. Risiva ikabaki pale Elinaza alipoiachia, kwenye stesheni moja ya Uarabuni, na kwenye stesheni ile walikuwa wakionyesha mbio za ngamia.

Tuliangalia ngamia asubuhi, tukaangalia ngamia mchana. Hakuna aliyethubutu kuingia chumbani kwa mzee kumwomba abadilishe, na Bi Zuleha alikataa kuigusa rimoti. Alisema kitu cha mumewe atakigusa mumewe. Mimi nilikuwa nikifuma sweta za shule kwa mashine, macho yakipumzika kwenye kioo cha televisheni, na baada ya muda nilianza kuwa na ngamia wangu ninayemshabikia. Anaeli naye alikuwa na wake. Wa kwangu alikuwa na miguu mirefu na dharau nyingi, na alishinda mara kwa mara.

Lemburis ndiye aliyeshindwa kuvumilia. Alikuwa mtu wa mpira, na Jumamosi moja kulikuwa na mechi aliyokuwa akiizungumzia wiki nzima. Nilimwona akisimama mbele ya mlango wa nyuma, akivua kofia, akiivaa, akiivua tena. Mwishowe akabisha hodi.

"Shikamoo mzee."

Hakukuwa na jibu, lakini pia hakufukuzwa. Akaingia, akaacha mlango wazi, nami nikasikia yote.

"Mzee, mimi nimezaliwa kwenye boma," alisema. "Nimechunga ng'ombe, mbuzi, kondoo na punda. Sina ubaya na mnyama yeyote. Lakini hawa ngamia, mzee, nakuomba."

Nikasikia kitanda kikilia. Baba Ummy alikuwa akiitafuta rimoti. Alibonyeza kwa dole gumba la kushoto, na kwenye kioo chetu ngamia wakapotea, akatokea mwanamke wa Kihindi analia mvuani, kisha mtu anakaanga vitunguu, kisha ngamia tena. "Mbele, mzee, usirudi," Lemburis alikuwa akisema, "mbele, mbele." Ulipotokea uwanja wa kijani, nilimsikia Anaeli akipiga makofi peke yake. Lemburis hakurudi chumbani kwake. Aliangalia mpira wote akiwa amekaa chini kando ya kitanda cha mzee, akimweleza nani ni nani.

Baada ya Lemburis, njia ilikuwa imefunguka. Bi Zuleha alianza kuingia na maombi ya tamthilia yake ya Misri, tena kwa unyenyekevu ambao sikuwahi kuuona kwake. Mimi nilichelewa. Nilichokitaka ni kipindi cha kwaya cha Jumapili asubuhi, na niliona haya kumwomba mzee Mwislamu aniwekee nyimbo za kanisani katika nyumba yake. Nilipoingia nilimpa shikamoo, nikazungumzia baridi, nikazungumzia bei ya nyuzi, nikaaga. Alinizuia kwa mkono. Akachukua rimoti, akabonyeza taratibu stesheni moja hadi nyingine, akinitazama usoni kila picha ilipobadilika, mpaka alipofika kwenye kwaya. Uso wangu ndio uliomwambia. Nilipotoka nilipita sebuleni, nikamkuta Bi Zuleha ameongeza sauti.

"Hawa wenye sare za zambarau," aliniambia, "yule mwembamba wa mwisho haimbi, anafungua mdomo tu."

Tulimchunguza kila Jumapili baada ya hapo. Ni kweli, alikuwa haimbi.

Kisha mzee akaanza uchokozi. Siku hiyo Lemburis alikuwa na wenzake wa buchani chumbani kwake, mpira uko dakika za mwisho, mchezaji ameweka mpira chini apige penalti. Akarudi nyuma hatua kadhaa, akaanza kukimbia, na hapohapo kwenye vioo vyote vya nyumba ile akatokea yule mtu wa vitunguu. Wanaume wazima walilia kwa sauti moja. Na kutoka chumba cha nyuma ikatoka sauti nyingine, nzito, ya kukwaruza kidogo. Bi Zuleha alitoka sebuleni mbio akasimama koridoni, mkono kifuani.

"Anacheka," alisema. "Ndeshi mwanangu, unasikia? Anacheka."

Alicheka mpaka akapaliwa, ikabidi tumpelekee maji. Penalti hatukuiona. Lemburis alikuja juu kidogo, lakini alipomwona mzee anafuta machozi kwa shuka, naye akaanza kucheka.

Kucheka alicheka, lakini kuongea bado. Alitumia rimoti, jicho na mkono, na sisi tulikuwa tumeridhika.

Ilipofika Sabasaba, Ummy alipiga simu kwenye simu ya mkononi aliyomnunulia mama yake. Alikuwa na banda kwenye maonyesho ya Dar, na watu wa televisheni walikuwa wamepita wakamhoji kuhusu vitenge vyake. Wangemwonyesha siku ileile, kwenye kipindi cha saa kumi alasiri. Bi Zuleha alitangaza habari hiyo mtaa mzima. Kufikia adhuhuri sebule yake ilikuwa na majirani waliokaa hadi chini ya meza, kwetu walikuja wafumaji wenzangu, na kwa Lemburis bucha lote lilihamia.

Saa tisa ulivuma upepo kutoka mlimani, ule wa Julai, wenye manyunyu. Tulisikia bati likigonga, kisha vioo vyote vikawa vyeupe, vinakoroma. Dishi lilikuwa limegeuka.

Elinaza alikuwa Karatu kwenye kazi. Lemburis akavua viatu, akapanda juu ya bati. Mimi nilisimama mlangoni mwa chumba cha nyuma, maana risiva ilikuwa mle, nayo ina mstari wa taa unaopanda dishi likikamata mawimbi. Bi Zuleha alisimama mlango wa uani. Mstari ukipanda, mimi namwambia Bi Zuleha, yeye anampigia kelele Lemburis.

Haikufaa kabisa. Lemburis anasogeza, mstari unapanda, nasema, "Hapo," Bi Zuleha anauliza, "Hapo wapi?" na wakati neno linafika juu, Lemburis ameshapita. Anarudisha, anapita tena. Majirani walianza kushauri, kila mmoja lake, na Lemburis juu kule hakujua amsikilize nani. Saa kumi ilikuwa inakaribia.

Nilisikia kitanda kikilia nyuma yangu. Baba Ummy alikuwa ameshika nondo ya dirisha kwa mkono wa kushoto, amejivuta akakaa. Lile dirisha lilikuwa halijafunguliwa tangu augue. Alilisukuma kwa kiwiko, pazia likapeperuka, baridi ikaingia.

"Lemburisi," aliita.

Neno lilitoka limepinda, lakini lilitoka kwa sauti ile ya zamani, iliyofika gengeni.

"Naam, mzee," Lemburis akaitika kutoka juu.

"Kata kushoto. Kushoto. Njoo. Njoo. Njoo taratibu." Alikuwa amekaza macho kwenye mstari, akimwelekeza Lemburis kama utingo anayemwongoza dereva kurudisha lori nyuma uchochoroni. "Njoo. Umepita. Rudisha. Kidogo. Kidogo tena. Hapo. Funga."

Hakuna neno hata moja ambalo Lemburis hakulielewa. Alikaza nati, na sebuleni watu wakashangilia. Bi Zuleha alikuwa bado amesimama mlango wa uani, akimtazama mumewe kupitia dirishani, na manyunyu yalikuwa yakimlowesha naye hana habari. Mzee naye alimwona.

"Ingia ndani," alimwambia. "Utapata mafua."

Bi Zuleha akaingia, moja kwa moja hadi kitandani, akakaa ubavuni mwa mumewe. Wageni wake sebuleni walijihudumia wenyewe.

Ummy alitokea karibu mwisho wa kipindi, amesimama mbele ya vitenge, amevaa mtandio wa kijani. Kwetu ulikuwa wa kijivu, lakini wageni waliouona sebuleni walitusimulia. Sauti yake ilitoka vyumba vyote kwa pamoja, hata ukisimama koridoni ungedhani nyumba ndiyo inayosema. Aliulizwa swali, akajibu haraka mno, akacheka, akasahau alichokuwa akisema, akakikumbuka. Kisha wakahamia kwa muuza asali. Ilikuwa fupi, lakini watu walipiga makofi kana kwamba Ummy amehutubia Umoja wa Mataifa.

"Amekonda," Baba Ummy akasema.

"Hajakonda," Bi Zuleha akajibu. "Ni televisheni."

Wakabishana juu ya jambo hilo mpaka magharibi, na hakuna muziki uliowahi kutufurahisha kama ubishi ule.

Ulimi wake haukunyooka kabisa. Sisi ndio tuliouzoea, na yeye akazoea kurudia bila kukasirika. Kabla mwaka haujaisha Lemburis na Anaeli walimtengenezea kiti chenye mikono, wakawa wanamtoa barazani kila alasiri, na rafiki yake yule akaja tena. Safari hii alipojibu ovyo, Baba Ummy alimwambia wazi kwamba hakusikiliza, arudie kusikiliza. Baadaye risiva zikawa za bei nafuu, kila chumba kikanunua yake. Sisi tulihamia Kimandolu, nilikopata nafasi ya mashine mbili zaidi.

Lemburis alipomwoa Naisiae, harusi ilifanyika kwao Oldonyo Sambu, na mzee alipelekwa kwa pikapu, amekalishwa mbele na kufungwa mkanda. Aliomba nafasi ya kusema. Wazee wengi pale hawakuwa na Kiswahili kingi, na hata wenye nacho wasingeambulia kitu kwa ulimi ule. Basi bwana harusi mwenyewe akasimama kando ya kiti chake akamtafsiria kwa Kimaa, lugha ya kwao, sentensi kwa sentensi. Alisema kwa muda mrefu sana. Alisimulia barabara ya Kondoa wakati wa mvua, simba aliyelala katikati ya njia, na jinsi alivyomsubiri aamke. Lemburis alitafsiri kwa mikono na mabega, watu wakacheka hadi wakashika matumbo, na kila walipocheka mzee alitulia, akangoja wamalize, kisha akaendelea.