Kijito cha Pili

Ukiwauliza wanawake wa Katonga zamani Scola alikuwa akifanya kazi gani, watakujibu, "Alikuwa anatushikia watoto." Anashika! Utadhani mtoto ni kikapu. Dagaa walianikwa mchangani tangu jua linachomoza, na mtoto mdogo akiachwa hapo atawakanyaga, au atafuata maji. Basi kila mama aliyepita na beseni kichwani alimwacha wake kwa Scola, pale kijito kinapoingia ziwani chini ya michikichi, akarudi kumchukua dagaa wakishakauka. Malipo yalikuwa bakuli la dagaa. Siku za mbalamwezi, wavuvi wanapolala nyumbani, hata hilo bakuli halikuwepo, wala watoto hawakuletwa.

Wengine walisema watoto wa Scola wanacheza tu. Wanacheza tu, jamani! Mtoto wa Agnesi, jirani yake, alihesabu hadi ishirini kwa kokwa za chikichi kabla hajaona mlango wa darasa. Waliziba kijito kwa tope, kikabomoka, wakaziba tena, safari hii mawe makubwa yakatangulia chini, na hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Walijua kwamba sisimizi wakihamisha mayai mvua iko njiani, wakatimua mbio kuwaambia mama zao waanue dagaa. Na walijenga. Kila asubuhi Scola alisema, "Haya, nionyesheni kwenu," na kila mmoja akajenga kwao mchangani: nyumba, choo, njia ya kisimani, hadi mbwa wa jirani. Mtoto asiyejua kutaja jina la babu yake alipajua kwao kwa miguu na mikono.

Scola mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Mumewe alivumilia miaka saba, kisha akaenda kuoa Ujiji, na siku ya kuondoka alibeba hadi mlango wa nyumba. Tangu hapo Scola alikuwa na watoto kumi na watano asubuhi, na jioni hana hata mmoja. Jambo hilo lilimuuma, na hakulizoea kamwe.

Vita vya Zaire vilipowaka, mwaka wa tisini na sita, maboti yakaanza kuvuka na watu. Mojawapo lilimshusha Elida, mtoto wa miaka minne hivi, hana ndugu. Wenzake wa botini walisema mama yake alifia njiani. Zaidi ya hapo hawakujua. Oswald, karani wa shirika lililokuwa likiwatafutia watoto ndugu zao, alimwandika daftarini, akamwuliza Scola kama anaweza kukaa naye mpaka wenyewe wapatikane. Scola alikubali karani hajamaliza hata kuuliza.

Majuma matatu Elida hakusema neno. Lakini alijenga. Alichora vijito viwili, nyumba katikati, na mbele ya nyumba akasimika vijiti vitatu, ndiyo michikichi. Mlangoni, kila mara, aliweka gamba la konokono. Siku alipofungua kinywa aliligusa gamba lile akasema, "Baba anakaa hapa. Anashona nyavu."

Scola alijua la kufanya. Oswald alikuwa amemwagiza: mtoto akisema lolote la kwao, niletee habari. Ofisi yenyewe haikuwa mbali, mwendo wa saa moja kwa mguu. Hakwenda. Akajiambia atakwenda kesho. Na kesho yake, Elida alipoanza vijito vyake viwili, Scola alichuchumaa kando yake, akafuta kimoja kwa kiganja.

"Kwetu kijito ni kimoja, mama. Tazama."

Akamwonyesha jiko linapokaa, banda la kuku, njia ya kisimani. Mtoto akachora viwili tena. Naye akafuta tena. Hakumchapa wala kumkaripia. Alicheza naye tu, kwa upole, kila siku ya Mungu. Ile kazi aliyoiweza kuliko mwanamke yeyote wa ufukweni, ndiyo aliyoitumia kwa ubaya huo. Masika ya pili yalipopita, Elida alijenga kwa Scola bila kukosea hata kuku. Gamba la konokono lilikuwa limeshatoweka mlangoni. Na Scola alikuwa anaitwa mama.

Kiangazi cha mwaka wa tisini na nane Oswald alikuja na mwanamume mmoja mkondefu, kofia mkononi. Jina lake Amosi, mvuvi wa upande wa Fizi, ng'ambo ya ziwa. Alikuwa ameondoka kwenda kuvua Kalemie binti yake akiwa na miaka mitatu, vita vikamfungia njia ya kurudi. Alikuwa amemtafuta kambi mbili, na sasa alimwona amejificha nyuma ya kitenge cha Scola.

"Njo yeye," alisema kwa Kiswahili cha kwao. "Sura ya mama yake kabisa."

"Kila anayekuja anasema hivyo, mzee," alisema Oswald. Mwezi uliopita walikuwa wamemkabidhi mtoto kwa mtu aliyejiita mjomba, kumbe mwongo. Akamvuta Scola kando, akamsomea kwa sauti ya chini karatasi ya maelezo ya Amosi kuhusu kwake: nyumba kati ya vijito viwili, michikichi mitatu, mlangoni jiwe la kushonea nyavu. "Amewahi kukwambia kitu kama hiki?"

Scola alifunga upya kitenge chake. "Mimi najua nini?" alisema. "Mwambieni mtoto ajenge kwao mchangani, mwone wenyewe."

Elida alijenga kwa furaha, maana alikuwa na watazamaji. Amosi alichuchumaa mbele yake, macho hayabanduki kwenye vile vidole. Kijito cha kwanza kilipochorwa, aliinama zaidi, akisubiri. Vidole vikaenda kwenye jiko.

"Na kijito cha pili, mwanangu?" alinong'ona.

"Usimsaidie, mzee," alisema Oswald.

Elida alimalizia na banda la kuku, akakung'uta mikono. Oswald alitazama mchanga, akatazama karatasi, kisha akapiga mstari. "Pole sana. Siye."

Amosi hakubishana. Alisimama polepole, akamgeukia Scola. "Mama, hata kama si wangu, umemulea vizuri. Mungu akubariki." Wanaume wale wakaondoka kuelekea barabarani. Walikuwa hawajafika mchikichi wa mwisho, angeita, wangesikia.

Elida alimvuta kitenge. "Mama, yule baba mbona analia? Nimekosea?"

"Hapana, mwanangu," alisema Scola. "Hujakosea hata kidogo."